Mkojo Mwekundu, Sumu na Ini: Baadhi ya Matatizo ya Istilahi za Maradhi ya Mifugo

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa kwetu ili yakaguliwe lugha, yale ya mifugo huonekana kuwa mepesi kuliko yote, na kumbe ndiyo yanayotega. Mfasiri hujiambia kuwa ng'ombe, ini, damu na mkojo ni vitu anavyovijua tangu utotoni, kwa hiyo hana haja ya kumtafuta mtaalamu. Rasimu moja ya kijitabu cha wafugaji tuliyowahi kuipitia ilikuwa na sura fupi juu ya ugonjwa ambao jina lake la Kiingereza, likichukuliwa neno kwa neno, ni "maji mekundu". Mfasiri aliandika "ugonjwa wa mkojo mwekundu", na Kiswahili chake hakikuwa na dosari. Lakini papo hapo chini, kwa nia njema ya kumsaidia mfugaji, aliongeza sentensi yake mwenyewe iliyosema kwamba ng'ombe waogeshwe kila wiki ili kuua kupe. Katika matini ya asili hapakuwa na kupe hata mmoja. Palikuwa na bakteria, minyoo ya ini, konokono na malisho yenye maji yaliyotuama.

Kosa hili si la uvivu. Katika Afrika ya Mashariki mkojo mwekundu, ambao wafugaji huuita pia kukojoa damu, ni ugonjwa unaoletwa na Babesia, yaani kimelea cha seli moja kinachoenezwa na kupe na kuishi ndani ya seli nyekundu za damu. Vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa Kenya, Afrika ya Kusini au Uingereza hulitumia jina la "maji mekundu" kwa maana hiyo hiyo. Magharibi ya Marekani mambo ni mengine. Nchi hiyo nayo ilikuwa na ugonjwa wa Babesia, ukiitwa homa ya Texas. Theobald Smith na F. L. Kilborne ndio walioeleza mwaka 1893 kwamba kupe ndiye anayeueneza, na kampeni ya kumwangamiza kupe huyo, iliyoanza mwaka 1906, ilikamilika mwaka 1943 isipokuwa katika ukanda mwembamba wa mpaka na Meksiko. Wakati huo, katika mabonde ya Nevada na majimbo ya jirani, jina la "maji mekundu" lilikuwa limekwisha kushikwa na ugonjwa mwingine kabisa, wa bakteria aitwaye Clostridium haemolyticum, ambao watafiti wa Nevada waliueleza katika miaka ya 1920. Kijitabu chetu kilitoka upande huo.

Tuseme kingechapishwa kama kilivyokuwa. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wameshikwa na ugonjwa huu wa bakteria angewapeleka joshoni, na akiona mkojo unazidi kuwa mwekundu angetafuta dawa ya Babesia. Dawa hiyo haimdhuru bakteria. Penisilini, ambayo ingeweza kumwokoa mnyama kama ingetolewa mapema sana, nayo haimgusi Babesia. Ng'ombe mwenye mimba kubwa anaweza kufa katika muda wa saa 12 tangu dalili zionekane, na wengine hawavuki siku 3 au 4. Mfugaji huyo asingejua kwamba ipo chanjo, wala kwamba kinga yake hudumu kiasi cha miezi 6 tu, wala kwamba adui wa kwanza wa kushughulikiwa ni mnyoo wa ini. Hatimaye yeye na jirani zake wangeamua kwamba josho halina faida, na hasara hiyo ingekuwa kubwa kuliko ya ng'ombe mmoja.

Hatuna budi basi kueleza jinsi ugonjwa wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu istilahi isiyofuata kazi ya kitu huishia kuwa lakabu. Bakteria huyu huishi udongoni katika umbo la spora, yaani umbo gumu lililolala linalostahimili ukame na joto. Ng'ombe humeza spora pamoja na majani. Baadhi yake hupenya ukuta wa utumbo, huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini, na hukaa humo kwa muda mrefu bila ya kumdhuru mnyama. Ini lenye afya lina oksijeni ya kutosha, na bakteria wa jamii hii hawawezi kuamka palipo na oksijeni. Kisha huja mnyoo wa ini. Mnyoo mchanga anapochimba njia yake kuelekea kwenye mifereji ya nyongo huacha nyuma yake ujia wa seli zilizokufa, na ndani ya ujia huo hakuna damu inayopita. Hapo ndipo spora huamka, bakteria huzaana, na sumu hutolewa.

Sumu hiyo hufanya mambo mawili kwa zamu. Kwanza huua sehemu ya ini inayoizunguka. Mnyama akipasuliwa huonekana pande moja kubwa la ini lililopauka, limezungukwa na ukingo wa rangi ya zambarau, na mtu aliyewahi kuliona mara moja halisahau. Pili, sumu huingia katika mkondo wa damu na kushambulia utando wa seli nyekundu. Utando ukitoboka, himoglobini iliyokuwa ndani humwagika katika maji ya damu, figo huichuja, na mkojo hutoka na rangi ya maji ya choya. Ng'ombe mzima huwa na seli nyekundu milioni 5 hadi 10 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. Katika ugonjwa huu hesabu hushuka mpaka kati ya milioni 4 na milioni 1. Mnyama huhema kwa nguvu, si kwa sababu mapafu yana kasoro, bali kwa kuwa hewa anayoivuta haipati wa kuibeba.

Jina la kitaalamu la ugonjwa huu katika Kiingereza limeundwa kwa maneno ya Kigiriki na Kilatini, na wako wenzetu ambao wangependa tuseme "himoglobinuria ya kibasili". Hatuoni kwamba bwana mifugo yeyote atalitamka jina hilo mbele ya mfugaji, na kama halitatamkwa, tutakuwa tumeunda neno la kuwekwa kabatini. Tunapendekeza "mkojo mwekundu wa bakteria", na ule uliozoeleka uitwe, pale panapoweza kutokea utata, "mkojo mwekundu wa kupe". Mtaalamu atatupinga kwamba kupe ni mwenezaji tu na mwenye ugonjwa ni Babesia. Ni kweli. Lakini majina yote mawili humwambia msomaji ni nini cha kupigana nacho, na kwa kijitabu cha wafugaji hiyo ndiyo kazi ya jina. Katika kitabu cha chuo, jina la Kilatini litaandikwa pembeni yake hata hivyo.

Kuna kidonda kingine katika maneno "kukojoa damu". Kwa hakika ng'ombe wa aina zote mbili tulizozitaja hakojoi damu, anakojoa himoglobini. Ng'ombe anayekojoa damu hasa ni yule ambaye kibofu chake kinavuja, kama inavyotokea kwa wanyama waliokula kwa muda mrefu kangaga wa milimani wa aina fulani. Tofauti yake haihitaji maabara. Mkojo ukiwekwa katika glasi na kuachwa utulie, damu halisi hutua chini na maji ya juu hubaki na rangi yake ya kawaida, ilhali mkojo wenye himoglobini hubaki mwekundu mmoja tangu juu hadi chini. Katika jambo la kwanza seli nyekundu zimetoka zikiwa nzima. Katika la pili zimepasuka zikiwa bado mwilini. Kwa hiyo katika maandishi rasmi tungependa "mkojo wenye damu" na "mkojo wenye himoglobini" yatenganishwe kabisa, na "kukojoa damu" yaachwe kama jina la mitaani ambalo mwandishi hulitaja ili aeleweke, kisha akalieleza. Walimu wa sayansi wanaweza kulifanya jaribio hilo darasani kwa maji, rangi na mchanga mwekundu uliosagwa.

Kuhusu "seli" na "chembe" tutasema maneno machache. Hospitalini watu husema chembe nyekundu au chembechembe za damu, na hatuna nia ya kuwasahihisha. Lakini chembe ni kitu kidogo kilichoshikamana, kama cha mchanga au cha wali, na hakina ndani na nje. Mtu akiambiwa kwamba sumu imepasua chembe ya damu hawezi kuona kilichopasuka. Seli ina utando, na habari yote ya sumu hizi ni habari ya utando. Ndiyo maana hapa tunatumia seli. Vivyo hivyo tunasema "ini" kwa umoja, kwa kuwa ni kiungo kimoja. "Maini" tumwachie mwenye bucha.

Sasa tufike kwenye neno lenyewe la sumu. Kiswahili hulitumia kwa ajili ya kile kilicho katika jino la nyoka, katika muhogo mchungu, katika mshale, katika dawa ya josho na katika bakteria. Upana huo si umaskini wa lugha, na hatuungi mkono shauri la kuleta "toksini" ili ichukue nafasi yake katika kila aya. Sumu inatosha, mradi iwe na kivumishi kinachofaa. Tatizo liko katika vivumishi.

Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyekuwa akifanya kazi na Robert Koch huko Ujerumani, aligundua kwamba vimelea vya kipindupindu huwa na sumu hata baada ya kuuawa. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kutenganisha sumu ambayo bakteria huitoa akiwa hai na sumu ambayo ni sehemu ya mwili wake. Lugha za Ulaya zilichukua viambishi vya Kigiriki vyenye maana ya "nje" na "ndani", na wafasiri wetu wakaandika, kama ilivyotarajiwa, "sumu ya nje" na "sumu ya ndani". Tumewahi kuwauliza walimu waliokuwa wakitumia maneno hayo darasani wanaelewa nini. Wengi walijibu kwamba sumu ya nje ni ile inayomjia mnyama kutoka nje ya mwili wake, kama dawa ya kunyunyizia mimea, na sumu ya ndani ni ile inayotengenezwa na mwili wenyewe unapougua. Jibu hilo ni la busara kabisa, na si sahihi hata kidogo. Nje na ndani hapo ni nje na ndani ya bakteria, si ya ng'ombe. Na neno lisilosema ni nje ya nani limeacha nusu ya maana njiani.

Tofauti hii ina uzito katika tiba. Sumu inayotolewa aghalabu ni protini. Huharibiwa na joto, hufanya kazi moja mahususi, na mwili unaweza kufundishwa kuikinga kwa kuchanjwa sumu hiyo hiyo ikiwa imefubazwa, njia ambayo Gaston Ramon wa Ufaransa aliifungua katika miaka ya 1920 kwa kutumia formalini. Sumu ya mwilini mwa bakteria ni mchanganyiko wa mafuta na sukari ulioko katika ganda la nje la baadhi ya bakteria. Haiogopi maji yanayochemka, na humwagika kwa wingi pale bakteria wanapokufa. Ini ndilo linaloipokea. Seli za Kupffer, ambazo kazi yake ni kusafisha damu inayotoka matumboni, huimeza, na katika kuimeza hutoa ishara za hatari kwa mwili mzima. Ishara zikizidi, damu huganda ndani ya mishipa midogo, vigandishaji vya damu huisha, na mnyama huanza kuvuja mahali pengine. Kwa hiyo ini halidhuriwi na sumu peke yake; hudhuriwa pia na kelele za walinzi wake. Tunapendekeza "sumu itolewayo" kwa ile ya kwanza na "sumu ya ganda la bakteria" kwa ya pili. Si maneno mafupi, lakini hayamdanganyi mtu.

Mtego mwingine ni herufi za Kigiriki. Wataalamu huzipa sumu za kila bakteria majina ya alfa, beta, gama na kuendelea, kwa kadiri zilivyogunduliwa au zilivyoonekana kuwa na nguvu. Mfasiri huona "alfa" katika makala tatu tofauti na kudhani kwamba ni sumu moja. Sumu alfa ya Clostridium perfringens ni kimeng'enya. Marjorie Macfarlane na B. C. J. G. Knight walithibitisha mwaka 1941 kwamba huyakata mafuta ya lesithini yaliyoujenga utando wa seli, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa sumu ya bakteria kujulikana kuwa ni kimeng'enya. Sumu alfa ya Staphylococcus aureus haikati chochote. Vipande vyake 7 hukutana juu ya utando, hujipanga duara na kufanya tundu ambalo maji na chumvi hupita mpaka seli nyekundu ivimbe na kupasuka. Sumu alfa ya Clostridium novyi haikati wala haitoboi. Huingia ndani ya seli na kuharibu protini zinazoshikilia umbo lake, na seli huanguka kama hema lililokatwa kamba. Kwa upande mwingine, sumu ya Clostridium haemolyticum, ile ya ng'ombe wetu wa Nevada, huitwa beta, na kazi yake ni ile ile ya alfa ya perfringens. Kwa hiyo kuandika "sumu alfa" bila ya kumtaja bakteria wake ni sawa na kuandika "Juma wa Ali" kwenye bahasha bila ya mji.

Neno lesithini lenyewe linafaa kusimuliwa kwa walimu. Limetokana na neno la Kigiriki la kiini cha yai, kwa sababu humo ndimo mafuta hayo yalimopatikana kwanza. Na kiini cha yai ndicho maabara hutumia kumtambua mkosaji: bakteria wakioteshwa juu ya chakula kilichochanganywa na kiini cha yai, sumu huyakata mafuta yake na kuzunguka kila kundi la bakteria huonekana ukungu mweupe. Kinachofanyika kwenye yai ndicho kinachofanyika kwenye seli nyekundu. Angalia tu kwamba "kiini" katika vitabu vya elimu-viumbe ni kitu kingine, kile cha katikati ya seli, ambacho seli nyekundu ya ng'ombe haina. Mwanafunzi atakayesoma "kiini" mara mbili katika ukurasa mmoja kwa maana mbili atakuwa na haki ya kulalamika.

Clostridium novyi tuliyemtaja ni mwuaji wa kondoo, na mazingira yake ni yale yale: spora zilizolala katika ini, na minyoo inayozifungulia mlango. A. W. Turner wa Australia aliueleza uhusiano huo mwaka 1930. Kondoo hupatikana amekufa asubuhi bila ya kuonekana akiugua, na akichunwa, upande wa ndani wa ngozi huwa mweusi kwa damu iliyojaa katika mishipa. Kutokana na ngozi hiyo Kiingereza kiliuita "ugonjwa mweusi". Tumeona jina hilo likitafsiriwa "chambavu", bila shaka kwa sababu chambavu nao katika Kiingereza una neno "nyeusi" ndani yake. Chambavu ni ugonjwa wa misuli, unaoletwa na Clostridium chauvoei, na ini sio shabaha yake. Na kimeta, ambacho jina lake la Kifaransa lina maana ya makaa, ni ugonjwa mwingine tena, na mzoga wake haupaswi kufunguliwa kabisa. Afisa atakayefuata rangi badala ya ugonjwa anaweza kuamuru kupasuliwa kwa mzoga ambao ungepaswa kuchomwa au kuzikwa mzima. Kimeta na chambavu ni maneno yetu wenyewe, yaliyokomaa, na hayahitaji msaada wa rangi za watu wengine. Kwa ugonjwa wa kondoo tungesema "kifo cha ini cha kondoo", mpaka atakapotokea mfugaji mwenye neno zuri zaidi.

Seli nyeupe nazo zina adui zao, na hapa jina la bakteria lenyewe ndilo linalopotosha. Mannheimia haemolytica, anayeleta homa kali ya mapafu kwa ndama na kondoo, alipewa jina la pili lenye maana ya mvunja-damu kwa sababu anapooteshwa katika maabara juu ya chakula chenye damu huacha duara hafifu la seli zilizopasuka. Katika mwili wa mnyama, sumu yake kubwa huua zaidi seli nyeupe, tena za wanyama wanaocheua peke yao, kwa kuwa hushikamana na protini fulani iliyo juu ya seli hizo. Sumu ya namna hiyo tungeiita "sumu ya seli nyeupe". Fusobacterium necrophorum, anayetoka kwenye tumbo la kwanza la ng'ombe waliolishwa nafaka nyingi na kufanya majipu katika ini, ana sumu ya jina hilo hilo, ingawa umbo lake ni tofauti. Akishawaua walinzi hao, jipu huota bila kizuizi.

Tumesema mara kadhaa "seli zilizokufa" na "kifo cha ini". Wafasiri wengi huandika "kuoza kwa ini", na tunawaomba waache. Kuoza ni kazi ya viumbe vingine juu ya kitu kilichokwisha kufa. Kinachozungumzwa hapa ni kufa kwenyewe, kwa sehemu ya kiungo, ndani ya mnyama aliye hai. Mkaguzi wa nyama akiandika katika taarifa yake kwamba ini "limeoza", mwenye bucha atafikiri kwamba amelaumiwa kwa kuchelewesha nyama, na kesi itakuwa nyingine. "Tishu mfu" ni maneno mafupi na yanaeleweka.

Neno "safura" lina historia ya kusikitisha. Katika Kiarabu asili yake ni umanjano na nyongo, kwa hiyo lingefaa mno kwa dalili ya macho na ufizi kuwa manjano, dalili inayotokea ini linapoumia au seli nyekundu zinapopasuka kwa wingi. Lakini Waswahili wengi kwa safura wanaelewa ugonjwa wa minyoo inayofyonza damu matumboni, na matumizi hayo hayarudishwi nyuma kwa tangazo. "Homa ya manjano" nayo imekwisha kuchukuliwa na ugonjwa wa mbu. Limebaki "umanjano", nalo si baya. Ndama aliyeambukizwa Leptospira, kwa mfano, huweza kuwa na umanjano na mkojo mwekundu kwa pamoja, maana baadhi ya bakteria hao hutoa sumu inayopasua seli nyekundu. Kwa binadamu ugonjwa wa Leptospira ndio uliopata jina la homa ya mgunda, lililoenea Tanzania mwaka 2022 baada ya mlipuko wa Ruangwa, mkoani Lindi. Jina hilo lilifika kwa watu upesi kuliko ambavyo kamati yoyote ingeweza kulifikisha.

Tumeliacha mwisho jambo ambalo bado hatujaafikiana. Mwaka 1878 George Francis aliandika habari za kondoo, farasi na ng'ombe waliokufa baada ya kunywa maji ya ziwa Alexandrina huko Australia ya Kusini, yaliyofunikwa na utando wa kijani kama rangi ya kupaka. Kiumbe huyo kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mwani, na Kiswahili kikamwita mwani wa kijani na buluu. Sasa inajulikana kwamba ni bakteria. Mojawapo ya sumu zake huingia katika seli za ini kupitia milango ile ile inayopitisha chumvi za nyongo, huzifanya zipoteze umbo, na mnyama hufa kwa damu yake kujaa ndani ya ini. Sumu za namna hiyo zimepatikana katika maziwa ya Nakuru na Bogoria nchini Kenya, na katika maini ya heroe waliokufa huko, ingawa wataalamu hawakubaliani ni kwa kiasi gani ndizo zilizowaua. Ziwa Viktoria nalo lina bakteria hao katika ghuba zake.

Baadhi yetu wanataka "bakteria-kijani". Wengine wanasema mwanakijiji anayeona uchafu wa kijani juu ya maji huona mwani, na tangazo la kumzuia asinyweshe ng'ombe halina budi kuanza na kile anachokiona. Hoja hii ya pili ina nguvu, lakini neno "bakteria" nalo huleta hatari yake, kwani aliyefundishwa kwamba bakteria hufa kwa kuchemshwa atayachemsha maji, na sumu hii haiharibiwi kwa kuchemshwa. Wala kuwaua kwa dawa si salama. Katika kisiwa cha Palm, Australia, mwaka 1979, bwawa la maji ya kunywa lilitiwa salfati ya shaba ili kuua utando wa namna hii. Seli zikapasuka, sumu iliyokuwa ndani yake ikamwagika, na watu zaidi ya 100, wengi wao watoto, wakaugua ini. Sumu hii basi si "itolewayo" kwa maana tuliyoieleza, wala si ya ganda. Huwekwa ndani ya seli mpaka seli ife. Katika orodha yetu bado haina jina, na mbele yake tumeandika kwa penseli "sumu iliyohifadhiwa", pamoja na alama ya kuuliza.